Usiniulize Niendako

Mwongeli alikuwa na kanuni tatu za kutembea mjini. Alizitunga mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwambia amekosea. Ya kwanza: ukikutana na mbuzi aliyefungwa, kata kushoto. Ya pili: ukisikia kwaya, iwe ya kanisani au ya redio ya kinyozi, kata kulia. Ya tatu ndiyo iliyokuwa kali: mtu akikuuliza unaenda wapi, usimjibu. Geuka, urudi ulikotoka.

Na Machakos, jamani, haikosi watu wa kuuliza. Muuza nyanya atakuuliza, mwenye bodaboda atakuuliza, hata mtu ambaye hujawahi kumwona tangu uzaliwe atakuuliza, tena kwa sauti ya mtu anayekudai jibu. Siku nyingine Mwongeli alizunguka soko la Marikiti mara tano kabla hajafaulu kuvuka barabara.

Alipokuwa akitembea, alisuka. Hilo hakulitunga yeye. Mama yake alisuka kiondo akienda mtoni na akirudi, na wanawake wa kwao wote vilevile, nyuzi zikining'inia kwenye mkono na miguu ikijua njia. Kipya cha Mwongeli kilikuwa rangi. Akienda moja kwa moja, alitumia uzi wa makonge usiotiwa rangi. Akikata kushoto, mweusi, kulia, mwekundu, na akigeuka kurudi, kijani. Baada ya miezi sita kiondo kilikuwa kimefika shingoni, na kwa sababu ya ile kanuni ya tatu kilikuwa na kijani kama shamba la kunde.

Usidhani alikuwa amerukwa na akili. Alishona yunifomu za shule kwa miaka thelathini na moja. Nyumbani, shule, soko, kanisa. Kanisa, soko, shule, nyumbani. Alipostaafu, siku moja alipotea akitafuta fundi wa viatu, akatokea kwenye kichochoro chenye ukuta uliochorwa samaki tangu chini hadi juu, mita mia mbili tu kutoka mlangoni pake. Alisimama pale akakasirika kweli kweli. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi katika mji wenye barabara nne. Zile nyingine nani alimnyima?

Basi Jumanne moja, mwendo wa saa nne asubuhi, alikuwa akikatiza ndani ya Kyeni Plaza, akiingia mlango wa mbele ili atokee wa nyuma, mlinzi alipomsimamisha. Jina lake Kimanzi, kijana mrefu mwenye kofia iliyomzidi kichwa, naye alimwita kwa Kikamba, kama bibi yake.

"Susu, pole. Madam anataka kukuona ofisini."

Madam ndiye Winfred, meneja wa jengo, mwanamke nadhifu aliyeonekana kuzaliwa akiwa na faili kwapani. Alimwonyesha Mwongeli picha za kamera: Mwongeli akiingia, Mwongeli akitoka, Mwongeli akisimama chini ya saa kubwa akigeuka na kuvuta uzi. Wiki tatu, na hakuna siku aliyonunua hata kiberiti. Mwezi uliopita duka la simu lilikuwa limevunjwa.

"Hizi rangi ni za nini?" Winfred aliuliza, akigusa kiondo kwa ncha ya kalamu.

Mtu mwoga angesema ni marembo. Mwongeli hakuwa mwoga, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Ni njia. Hii ni ramani."

Kimanzi alivuta pumzi. Winfred alikiondoa kiondo mezani, akakiweka nyuma yake juu ya kabati. Mwongeli alieleza kanuni zote tatu, mbuzi na kwaya na swali, na kadiri alivyoeleza ndivyo Winfred alivyozidi kumtazama kama mtu anayewachorea wezi ramani. Mwishowe akamwomba namba ya mtoto wake.

Rodgers alifika mbio kutoka Mlolongo, shati likiwa limemganda mgongoni. Alikuwa kifungua mimba wake, mtu mzima wa miaka arobaini, na aliingia bila kumsalimu mama yake. Alimsalimu Winfred.

"Samahani sana, madam. Tumekuwa tukiona dalili."

"Dalili za nini?" Mwongeli aliuliza.

Winfred alikuwa ameandika barua tayari. Mama atie sahihi kwamba hataonekana tena ndani ya jengo wala karibu nalo bila shughuli maalum, kiondo kibaki hapo, na mambo ya polisi yaishe. Rodgers aliisoma, akatoa kalamu mfukoni, akaongeza sentensi moja chini kwa mwandiko wake mwenyewe. Kisha akaisukuma kwa mama yake.

Mwongeli alisoma: *Kuanzia leo nitaishi na mwanangu Mlolongo, na sitatoka peke yangu.*

Hilo lilimchoma. La Winfred lilikuwa la mgeni, na mgeni humjui hakujui. Lakini mwandiko huu alikuwa ameufundisha yeye, usiku kwa usiku, kidole juu ya kidole. Aliijua ile nyumba ya Mlolongo pia, ghorofa ya nne, lango la chini lina kufuli, na dirishani unaona malori yakingoja kupimwa kwenye mizani. Malori angalau yalikuwa yakienda mahali.

"Mum, sign tu twende," Rodgers alisema kwa sauti ya chini. "Sema ulikuwa unaenda kununua kitu. Kwani ni ngumu?"

"Sikuwa naenda kununua kitu."

"Sema tu!"

"Niko na miaka sitini na mbili, Rodgers. Nimesema naenda sokoni maisha yangu yote. Leo sisemi." Akamgeukia Winfred. "Nipe hicho kiondo nikusomee. Ukiona ni cha wezi, ita polisi."

Winfred alisita, halafu akakishusha, labda kwa udadisi tu. Mwongeli alikishika kidole cha Winfred chenye rangi ya kucha, akakiweka juu ya mistari karibu na shingo.

"Hii ni Alhamisi kabla ya Pasaka. Nimetoka mtaa wa Kenya Israel. Nyeusi, hapo ni mbuzi wa fundi wa baiskeli. Moja kwa moja. Kijani, mama wa mboga ameniuliza naenda wapi. Nyeusi tena, mbuzi ni yuleyule. Nyekundu, kwaya kwa kinyozi. Halafu nikasikia mtu anaimba alto peke yake, nikahesabu hiyo pia ni kwaya. Nyekundu. Nikatokea hapa nyuma kwa ngazi zenu. Ulikuwa umevua viatu, unakula muthokoi kwa mkebe, unaimba."

Kimanzi alikohoa.

"Ni ukweli, madam. Huwa unaimba."

Winfred hakuondoa kidole. "Ni hapa?"

"Hapo kwa nyekundu. Nilisimama mpaka ukamaliza wimbo. Unaimba vizuri, mwanaa. Ningekuwa na shughuli maalum, singekusikia."

Uso wa Winfred ulilegea, ukakaza tena. Kazi ni kazi. "Hata hivyo, sheria ni sheria. Mtu hawezi kuzurura tu."

"Basi waite polisi." Mwongeli alisimama. "Waje na karatasi inayosema ni makosa mwanamke kutembea. Na wakifika, waanze na wale wanaume kumi na mmoja wanaoegemea ukuta wako tangu asubuhi. Nimewahesabu nikiingia. Mwanamume akiegemea ukuta siku nzima anaitwa mzee. Mimi nikipita mara mbili naitwa mwizi. Nazurura, ndiyo. Andika hivyo."

Kimanzi alichungulia dirishani kabla hajajizuia. Walikuwa kumi na wawili sasa.

Winfred alimsukumia kiondo. "Chukua. Lakini nisikuone tena humu."

Mwongeli aliiacha barua mezani bila sahihi. Kalamu alimrudishia mwanawe.

Nje, Rodgers alimfungulia mlango wa gari. Hasira zilimrudisha kwenye Kikamba cha kumwita mama. "Umeniaibisha, mwaitu. Watu wananipigia simu, eti mama yako anazunguka kama hana kwao. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia, mtembezi hula miguu yake."

"Miguu ni yangu. Niache niile."

Akapita mlango wa gari uliokuwa wazi, akaendelea na barabara, akitafuta uzi wa makonge. Hakuwa amefika hatua kumi.

"Mum!" Rodgers alipaza sauti. "Sasa unaenda wapi?"

Mwongeli alisimama. Wale kumi na wawili wa ukutani walisimama wima. Mlangoni, Kimanzi alishika kofia yake, maana kanuni alikuwa amezisikia zote.

Aliacha uzi wa makonge. Akavuta wa kijani, akausuka polepole ili mwanawe auone, kisha akageuka kurudi alikotoka. Alikotoka kulikuwa Kyeni Plaza.

"Umeuliza wewe," alimwambia Rodgers alipompita.

Kimanzi alifungua mlango wa kioo. Nyuma, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo, na hatua za Rodgers zikaanza kumfuata. Mwongeli hakumtazama. Akitaka kutembea, atunge kanuni zake.

Winfred alikuwa akishuka ngazi, faili kwapani. Alimwona, akasimama chini ya saa kubwa. Mwongeli naye akasimama. Wote wawili walijua: swali moja tu, maneno mawili, na yule mama angelazimika kugeuka atoke, bila polisi wala barua.

Winfred alifungua kinywa. Mwongeli alimtazama machoni, uzi wa kijani tayari kidoleni.

Winfred akakifunga kinywa. Akasogea pembeni.

"Pita, mwaitu," alisema.

Mwongeli akabadilisha uzi, akapita moja kwa moja hadi mlango wa nyuma.