Jumatano za Gesare

Wivu wa Okemwa haukuanza na Kepher. Ulianza na chapati.

Kabla ya hapo Okemwa hakuwa na sababu ya kumwonea mtu yeyote wivu. Alipakia na kupakua kuni za boila katika kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Kericho. Magogo ya mikaratusi ambayo wenzake waliyashika wawili wawili, yeye aliyaweka begani peke yake. Walimwita Winchi. Hata sokoni, akipita na mke wake Gesare, watu walimsalimia yeye kwanza ndipo wakamgeukia mkewe. Kanisani hakuingia. Gesare alipomwomba aje, alimwambia kwamba Mungu alishampa mikono, na hakuwa na kingine cha kumwomba.

Halafu asubuhi moja ya mvua magogo yaliporomoka kutoka kwenye trela, na moja likamwangukia kiunoni. Alikaa hospitalini mpaka mvua zikaisha. Alirudi na magongo mawili na nyonga iliyokataa kukunjika. Nyumba yao ilikuwa chumba cha kukodi, karibu na chuo kikuu pale Kabianga, katika boma la mama mmoja Mkipsigis. Kiwandani walimpa pole, na mtu mwingine akachukua nafasi yake kwenye kuni.

Gesare hakulia mbele yake. Aliazima sufuria na kikaango kwa mama mwenye nyumba, akasimamisha kibanda cha mbao kando ya barabara ya chuoni, akaanza kupika chapati na maharagwe. Wanafunzi wakampenda. Walimwita Mama Chapo. Siku moja Okemwa amesimama langoni akiota jua, kijana mmoja akamwambia mwenzake bila ubaya wowote, "Huyo ndiye mzee wa Mama Chapo."

Okemwa alirudi ndani akakaa kitandani. Toka siku hiyo akaanza kumwangalia mke wake kwa jicho lingine. Mikono ya Gesare ilikuwa imekaza kwa kukanda unga, na ya Okemwa ilikuwa imeanza kunywea. Gesare alirudi kila jioni amechoka, ananuka mafuta na moshi, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Huo utulivu ndio uliomuumiza Okemwa. Kama angerudi analalamika, angejua la kumwambia. Alikuwa anajiuliza: mwanamke aliyebeba nyumba nzima, mume mlemavu, mtoto wa shule, anatoa wapi uso kama ule?

Kepher alipotokea, Okemwa akadhani amepata jibu.

Kepher alikuwa fundi wa mabomba, Mjaluo mrefu wa maneno machache, aliyekuja kufanya kazi kwenye hosteli iliyokuwa ikijengwa karibu na kibanda. Alianza kula pale, kisha akawaleta watu wote wa mjengo. Kibanda hakikuwa na maji, kwa hiyo asubuhi Kepher alimpitishia Gesare mitungi miwili kwa pikipiki yake kutoka kwenye bomba la mjengo. Gesare mwenyewe ndiye aliyemwambia Okemwa hayo, akikata kitunguu, kama mtu anayesimulia habari ya hali ya hewa.

"Na anataka nini?" Okemwa akauliza.

"Anataka chapati ziwe tayari watu wake wakitoka kazini."

"Hakuna mwanaume wa kubebea bibi ya mtu maji bure."

Gesare alimwangalia, kisha akaendelea na kitunguu.

Tena kulikuwa na Jumatano. Kila Jumatano Gesare alifunga kibanda mapema, akaoga, akafunga kitambaa kisafi na kuondoka, na kurudi kukianza kuwa giza. Alisema anakwenda kwenye maombi katika kanisa la Sabato lililo bondeni, kati ya mashamba ya chai. Zamani Okemwa hakujali. Sasa alihesabu kila dakika yake. Alipiga simu, haikupokelewa. Gesare akirudi, alimkagua viatu: udongo wa bondeni ni mwekundu, na wa mjengo ni wa kijivu kwa sababu ya simiti. Viatu vilikuwa na udongo mwekundu. Hiyo haikumpa amani. Akajiambia kwamba mtu mjanja anaweza kupitia bondeni.

Siku moja ya Alhamisi, mchana, alichukua magongo yake akapanda polepole mpaka kibandani. Watu wa mjengo walikuwa wamejaa kwenye benchi. Kepher alikuwa amesimama karibu na moto, akishika sahani, na Gesare alikuwa anacheka jambo fulani ambalo Okemwa hakulisikia.

"Wewe fundi," Okemwa akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Haya maji ya bure unaletea bibi ya nani?"

Watu wakaacha kutafuna.

"Mzee, nisalimie kwanza," Kepher akasema.

"Nakuuliza. Kwenu wanawake wameisha? Umeona mimi sina miguu ukasema hapa hakuna mwenyewe?"

Kepher aliweka sahani yake chini ikiwa na chakula. Akamwambia Gesare, "Pole, mama," akawasha pikipiki, akaondoka. Watu wa mjengo walimaliza haraka wakamfuata. Fancy, msichana aliyeuza mboga pembeni, alitazama upande mwingine. Gesare alikuwa ameshika mwiko, na chapati ilikuwa inaungua kwenye kikaango, lakini hakuigeuza.

Watu wa mjengo hawakurudi. Wakaanza kuagiza chakula mahali pengine. Baadhi ya wanafunzi nao wakaacha, kwa sababu hakuna anayependa kula mahali ambapo anaweza kutukanwa. Unga ambao ulikuwa ukiisha kwa siku moja sasa ulilala. Nyamusi, binti yao, alirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya karo, akakaa nyumbani akisoma kitabu kilekile kila siku.

Okemwa alisubiri Gesare amgombeze. Alikuwa ameandaa maneno yake. Lakini Gesare alimwekea ugali na sukuma, akamletea maji ya kunawa, akakaa. Hakununa, wala hakujifanya mwenye furaha. Okemwa akaona ni heri angetukanwa, maana alijua mke wake anazo hasira, na hasira hizo hazikuwa zinaletwa kwake. Kulikuwa na mtu mwingine anayezipokea.

Wakati huo ndugu za Gesare wakapata habari. Kaka yake mkubwa, Gichana, mwenye mabega kama mlango, alipiga simu kutoka Sotik alikokuwa na biashara ya maziwa. Okemwa alisikia sauti yake ikinguruma kwenye sikio la Gesare, na Gesare akitoka nje kwenda kuzungumza naye. Kwa mara ya kwanza maishani Okemwa alimwogopa mwanaume mwingine. Tangu siku hiyo akaanza kulala na gongo moja mkononi.

Kwa kuwa nguvu hazikuwepo tena, akatafuta akili. Gesare alipokwenda kuteka maji, Okemwa alichukua simu yake, ambayo haikuwa na namba ya siri, akamwandikia Kepher kana kwamba ni Gesare anayeandika: njoo kesho jioni nyumbani, mzee hatakuwepo. Akifika, Okemwa atakuwa nyuma ya mlango. Mambo yote yatajulikana.

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu mezani.

"Mama Nyamusi, huyu si wewe. Mwambie mzee nimemsalimia. Asante."

Okemwa alisoma maneno hayo mara nyingi. Aliyafuta, lakini aliendelea kuyaona. Uso ulimwaka kama mtu aliyechapwa mbele ya watoto. Alijua sasa kwamba Kepher hana hatia, na bado wivu haukutoka. Hilo ndilo lililomtisha. Ulibaki pale kifuani, na haukuwa na mtu wa kumshika.

Jumatano iliyofuata Gesare alioga, akafunga kitambaa, akaondoka. Okemwa alingoja kidogo, akamfuata.

Njia ya kwenda bondeni inapita katikati ya chai, na mvua ilikuwa imenyesha mchana. Alishuka gongo kwa gongo, akisimama kupumua, jasho likimtoka ingawa kulikuwa na baridi. Wachumaji waliokuwa wakirudi na vikapu walimpisha. Kitambaa cheupe cha Gesare kilikuwa mbele kabisa, kikapotea kwenye kona, na alipofika kwenye kona hiyo akaona kanisa: mbao, mabati, madirisha yasiyo na vioo. Pikipiki haikuwepo.

Alisimama chini ya mabati, kando ya dirisha. Ndani kulikuwa na watu wachache, wengi wanawake. Mzee wa kanisa, Nyaberi, alisema sala fupi kisha akawaachia wengine. Mama mmoja akaombea ng'ombe wake mgonjwa. Kisha Okemwa akasikia sauti ya mke wake.

Ilikuwa sauti ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi. Gesare hakuomba kama mtu anayehubiri. Aliongea, kama anavyoongea mtu na mwenzake aliye mbele yake mezani.

"Baba, unga umebaki kidogo na Nyamusi hayuko shuleni. Wewe unajua. Gichana ananiambia kesho kutwa atakuja na vijana wamfundishe adabu. Nimemkataza. Fancy ananiambia nifiche pesa kidogo kidogo halafu niende usiku, atajua nimeshafika kwetu Kisii. Nilifikiria, Baba. Sitakudanganya, nilifikiria sana. Lakini sitaki kumpiga na sitaki kumzunguka. Nikimpiga atabaki vilevile, na mimi nitabaki na fimbo. Nikimzunguka nitakuwa mwongo mpaka nizeeke. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nimechoka naye. Nimemkasirikia kweli. Mchukue wewe. Wewe ulimjua kabla yangu. Unakumbuka alivyokuwa akinibebea mama yangu mgonjwa mpaka barabarani. Sasa anafikiri hana kitu kwa sababu hana kiuno. Mwambie. Mimi nikimwambia hasikii."

Okemwa alishika ukuta. Alikuwa amekuja kumtafuta mwanaume, na mwenye kuambiwa yote alikuwa Mungu. Hata hapo, katikati ya aibu, alisikia wivu ukimchoma, kwamba kuna anayeambiwa haya yote na si yeye. Kwamba mke wake alikuwa na mahali pa kuegemea ambapo pasingevunjika, wakati yeye aliegemea mifupa yake, ikavunjika, kisha akaegemea ujanja, ukamcheka.

Angeweza kurudi nyumbani kabla ya kuonekana. Alifikiria hivyo. Badala yake alizunguka hadi mlangoni, akaingia, na magongo yakagonga sakafu ya mbao.

Watu waligeuka. Gesare alifungua macho, na Okemwa akaona hofu usoni mwake. Hajawahi kusahau kwamba alichokiona kwanza ni hofu.

"Endelea," alimwambia. "Sikuja kukugombeza."

Mzee Nyaberi akamsogezea benchi. Okemwa hakukaa, kwa sababu kukaa kwake kulikuwa ni kazi ndefu.

"Mimi nilikuja kupeleleza," akasema. "Nilifikiri ana mtu. Nimemtukana fundi wa watu, nimeiba simu ya mke wangu nikatega mtego. Mambo hayo yote yamenishinda. Sijui kuomba. Nilikuwa nasema sina kitu cha kuomba." Sauti yake ikashuka. "Mungu, hii roho yangu ni mbaya na siwezi kuibeba. Mimi nilikuwa nabeba kila kitu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake yote. Mzee Nyaberi alisema amina. Gesare hakumkimbilia. Alikaa pale alipokuwa, akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa, na baada ya muda akasogea, pakawa na nafasi kwenye benchi.

Kesho yake Okemwa alikwenda kwenye mjengo. Kepher alitoka na mikono yenye simiti.

"Nimekuja kuomba msamaha. Na ile meseji ilikuwa yangu."

"Nilijua, mzee. Mama Nyamusi hawezi kuandika 'mzee hatakuwepo'. Angeandika 'Baba Nyamusi'." Kepher akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Lakini uliniaibisha mbele ya watu wangu. Nipe muda."

Alimpa muda. Watu wa mjengo walirudi mmoja mmoja, si wote. Kepher mwenyewe alichukua wiki kadhaa, na alipokuja alikula amesimama, akalipa, akaondoka. Mitungi ya maji hakuileta tena. Mama mwenye nyumba alisikia habari ya Nyamusi akaenda mwenyewe kuongea na mwalimu mkuu, waliyesali naye toka ujana, na mtoto akaruhusiwa kurudi darasani wakiendelea kutafuta karo. Gesare hakuwa amemwomba.

Gichana alikuja Sabato moja, peke yake, bila vijana. Alimkuta shemeji yake ameketi kwenye kiti kirefu ambacho seremala mmoja alikikata kufuata nyonga yake, akikanda unga kwa ajili ya Jumapili mara tu jua lilipozama. Gichana alisimama mlangoni. Alikuwa na maneno mengi aliyokuja nayo.

"Karibu, shemeji," Okemwa akasema. "Najua ulitaka kuja mapema. Ungekuja wakati ule ningekuwa nimekuumiza, au ungekuwa umeniumiza."

Gichana akakaa. Walikula. Wakati wa kuondoka alimwita dada yake nje, akamwuliza kama kweli yuko sawa.

"Siku zingine," Gesare akasema. "Juzi aliniuliza ni nani aliyepiga simu, nikamwona anavyojikaza. Akasema, 'Wivu umekuja tena, nisaidie kuomba.' Tukaomba. Ukaondoka."

"Na ukirudi?"

"Tutaomba tena."

Ndani, Okemwa alikuwa amesikia. Aliufunika unga kwa kitambaa chenye maji, akatafuta magongo yake, akatoka kumsindikiza mgeni hadi barabarani.