Kiti cha Tusekile

Ndoto niliyoota usiku wa jana ilianza saa nne asubuhi, kwenye mnara ninakofanyia kazi ya kuongoza ndege. Kulikuwa na jua, upepo hafifu, na nyumba ya dada yangu Tusekile ikizunguka angani, ikiomba kutua.

Ilikuwa nyumba ileile ya Kyela, bati jekundu, kuku wawili barazani. Dada alikuwa dirishani, redio mkononi.

"Amba, mdogo wangu, Alhamisi napasuliwa. Njoo ukae nami."

Maneno hayo alikwisha kuniambia kwa simu mwezi Machi. Nikajibu kama nilivyojibu siku ile: "Roja, dada."

Kipaza sauti kilikohoa, kikaniuliza kama najua maana ya neno hilo. Nilikieleza kwamba roja ni kusema nimepokea ujumbe wako wote. Si ndiyo, wala si ahadi. Rubani au nahodha anayekusudia kutekeleza husema wilko.

"Na dada yako alilijua hilo?"

Hakulijua. Alikuwa mshona nguo. Aliwaambia wauguzi kwamba mdogo wake anakuja, akaomba kiti cha plastiki kiwekwe kando ya kitanda, na hakuruhusu mtu mwingine akikalie. Mimi nilikuwa zamu. Baada ya upasuaji hakuamka.

"Rudia agizo," kinasema kipaza sauti. Ndiyo desturi yetu: agizo la kutua hurudiwa kwa sauti, ili aliyelitoa ajue limesikika sawasawa.

Nafungua mdomo niseme nitakuja. Inatoka roja. Inaanguka mezani, ya njano, ukubwa wa ndoo, inabingirika hadi kwenye njia ya kurukia ndege. Najaribu tena, inatoka nyingine. Huko chini zimejaa za miaka ishirini na miwili: nilizomjibu mama, nilizomjibu mke wangu kabla hajaondoka. Nyumba haina pa kutua.

"We Amba," anasema dada, "shule yote ile umeambulia neno moja?"

Kuku wanacheka kwa adabu.

Kisha mnara ni wodi. Tusekile amelala, kiti kipo kando yake, kitupu. Sithubutu kukaa.

"Nisamehe, dada."

Ananitazama kama anavyokagua pindo la sketi, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Roja," anasema.

Sikuhitaji kufafanuliwa. Alikuwa amenisikia, na hakuniahidi kitu.

Niliamka saa kumi na mbili na dakika nane. Kwenye zulia, kando ya kitanda changu, palikuwa na vishimo vinne vya miguu ya kiti. Chumbani kwangu hakujawahi kuwekwa kiti. Nilipima kimojawapo kwa rula: nusu sentimita kwenda chini. Kiti kitupu hakizami hivyo.