Simu Moja ya Masama

Watu wakinisifu kwa mpangilio wa wateja nilioutengeneza pale kwa Mzee Indravadan, sifa huwa nazipokea, maana mimi si malaika. Lakini moyoni namshukuru Tabitha wa Masama. Bila yeye ningerudi Machame kukata majani ya ng'ombe wa baba, na cheti changu cha kompyuta kingekaa sandukuni.

Ilikuwa mwaka 2004. Mzee Indravadan alikuwa na duka Moshi mjini, akiuza mashine za kumenya kahawa, za kukatia majani ya ng'ombe, na pampu za maji. Wateja wake wote aliwaweka kichwani. Umri uliposogea akaanza kuwasahau, ndipo akanunua kompyuta na kuniajiri.

"Loveness," aliniambia, "nakupa mpaka mwisho wa Juni. Hii kompyuta ikiwajua wateja kunishinda, utabaki. Isipowajua, mtaondoka wote wawili."

Nikapanga hatua ndani ya programu ya kompyuta. Anayeuliza bei anaandikwa jina, namba ya simu na kitu anachotaka. Huyo bado ni muulizaji tu. Baada ya wiki mbili Filemon, kijana wa mauzo, anampigia. Akionyesha nia ya kweli anapanda kuwa mnunuzi mtarajiwa, na Mzee anamwekea mashine yake. Akipigiwa mara kadhaa bila jibu la maana, programu inamwondoa. Nilijiona nina akili kweli kweli.

Mwezi wa tano nikaona orodha imejaa watu walioandikwa mara mbili mbili. Nikaweka sharti jipya: namba moja ya simu, mtu mmoja. Programu ikaunganisha yenyewe, orodha ikapungua, ikapendeza. Kwenye walioondolewa, aliyeongoza ni Tabitha fulani wa Masama. Aliulizia mashine tano za majani, nne za kahawa na pampu tatu, akapigiwa zaidi ya mara thelathini, na hakununua hata skrubu.

"Huyo mama hana kazi ya kufanya," Filemon alisema. Nilicheka, nikamwacha huko huko.

Katikati ya Juni nilikuwa na wanunuzi watarajiwa wanne tu. Mzee alishaanza kuulizia nani ananunua kompyuta iliyotumika.

Jumanne moja asubuhi akaingia mama wa umri wa bibi yangu, viatu vimejaa tope, akamuulizia Filemon wa simu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Tabitha, nimetoka Masama. Mbona mmeacha kupiga? Watu wananiuliza kila siku. Ng'ombe wa Eliona ameshazaa, sasa anaitaka ile mashine ya majani. Kaka zake Yoramu wamekubali kuchangia ya kahawa. Eunike mwacheni kwanza, ana mgonjwa."

Nilimsikiliza huku nikiifungua orodha ya walioondolewa. Kitongoji kizima kilikuwa na simu moja, ya kwake, na kila mtu alikuja dukani akatoa namba hiyo. Filemon akipiga, Tabitha alitoka na simu mkononi, akavuka kihamba hiki na kile, mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, mpaka kwa mwenye jina. Alipomwambia Filemon apige tena baada ya nusu saa, Filemon aliandika "Tabitha ameomba muda", na programu ilipounganisha ikabakiza jina hilo la aliyepokea. Mimi nikamalizia kwa kuwageuza watu kumi na wawili kuwa mama mmoja msumbufu.

Mzee alikuwa ametoka ofisini, anasikiliza. Nilimweleza kosa langu lote, sikuficha kitu. Alimgeukia Tabitha, wakapitia jina kwa jina, naye alijua kila mmoja anasubiri nini. Kufika saa nne, tisa kati ya wale kumi na wawili walikuwa wamepanda kuwa wanunuzi watarajiwa.

"Ongeza humo simu ni ya nani, na mtu anasubiri nini," Mzee akaniambia. "Hiyo kompyuta haiuzwi." Kisha akaagiza chai tatu, moja yangu.

Nilipofungua ukurasa wa Tabitha mwenyewe, nikamuuliza, "Na wewe mama, unataka nini?"

"Mimi? Mimi sijaulizia kitu."

Ni kweli. Maulizo kumi na mawili kwa jina lake, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Kisha akapapasa goti lake.

"Labda mkipiga, pigeni siku moja kwa wote. Kile kilima cha kwa Yoramu nikikipanda mara nne kwa wiki, goti linanitesa."

Nilimshika mikono yote miwili, nikamwomba radhi, nikamshukuru. Nikaandika: Ijumaa, wote kwa pamoja.

Mwisho wa Juni wale tisa walikuwa wameshachukua mashine zao, nami nikapewa barua ya ajira. Ijumaa iliyofuata nilipiga mwenyewe.

"Haya, leo nikamwite nani?" Tabitha akauliza. Nilisikia mlango ukifunguliwa.

"Hakuna wa kuitwa, mama. Leo nimekupigia wewe. Goti linaendeleaje?"

Nikasikia mlango ukifungwa tena.

"Ngoja basi nikae," akasema.