Chesisi ya Tomasi

Sajenti Rwekaza alilala chali chini ya Land Rover, akasugua chuma cha chesisi kwa brashi ya waya mpaka namba ikatokea, kisha akaisoma kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine. Mwalimu Frednand, aliyesimama na kadi ya gari mkononi, alifuatisha kwa kidole. Tarakimu mbili za kwanza zililingana. Ya tatu haikulingana. Kuanzia hapo hakuna iliyolingana.

"Rudia, Sajenti."

Sajenti alirudia. Halafu akatoka chini ya gari, akajikung'uta vumbi kwenye magoti.

"Mwalimu, ingekuwa daftari la mwanafunzi, hapa ungeweka nini? Vema au kosa?"

"Kosa."

"Basi tumeelewana."

Ilikuwa Oktoba 1997. Kwa miaka kumi na mitano gari hilo lilikuwa limepita kwenye kizuizi cha polisi cha hapo kituoni bila mtu kuinama kulitazama. Lilikuwa la mwaka 1964, mali ya misheni hadi 1982, ndipo Frednand, wakati huo mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alipolinunua. Wamisheni walikuwa na desturi ya kubariki kila gari jipya mbele ya kanisa na kulipa jina la mtakatifu. Hili waliliita Tomasi, na watu wa Mabawe nao hawakuliita vingine. Liliteremsha maharage na ndizi sokoni, likapandisha wagonjwa hospitali. Kijijini hapakuwa na gari lingine.

Lakini tangu wakimbizi waingie kutoka ng'ambo ya mpaka, magari nayo yalikuwa yameingia. Mengine yalikuja na wenyewe, mengine yaliibiwa ng'ambo yakabadilishwa vibao na kuuzwa kwa watu wasiouliza. Sasa kila gari kuukuu lilikaguliwa mpaka uvunguni.

"Kadi yako inaanza na mia mbili hamsini na mbili," Sajenti alisema. "Hiyo ni Land Rover ndefu ya usukani kulia. Chesisi inaanza na mia mbili hamsini na nne. Ndefu vilevile, ila ya usukani kushoto. Usukani kushoto ni wapi, Mwalimu?"

"Ng'ambo ya mpaka."

"Injini inalingana na kadi. Bodi inalingana. Kibati cha namba kilicho ndani kinalingana. Chesisi tu ndiyo inakataa. Nakupa siku kumi na nne. Niletee maandishi yanayosema ilitoka wapi na kwa nani. Usipoleta, naliorodhesha pamoja na yale." Alielekeza kwa kidevu magari saba kando ya ua wa kituo. Majani yalikuwa yameota katikati ya magurudumu.

Frednand alirudi Mabawe kwa miguu. Mkewe Melania alikuwa anapeta maharage uani.

"Tomasi yuko wapi?"

"Kituoni. Namba hazilingani."

"Namba zipi tena? Wewe si ndiye unayeandika hata mayai ya kuku?"

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Miaka thelathini na mmoja darasani, Frednand alikuwa amefundisha jambo moja kuliko yote: kilichoandikwa vizuri hakina ubishi. Aliingia ndani, akatoa jalada la gari, akalisoma lote. Kila karatasi ilikuwa na namba ya kadi. Hakuna hata moja iliyotaja ile nyingine.

Siku ya tatu alikwenda parokiani. Gereji ya misheni ilikuwa imefungwa zamani, na Bruda Idefonsi aliyeiendesha alikuwa amekwisha kufariki, lakini kila gari lilikuwa na daftari lake, lililofunguliwa siku ya baraka kama cheti cha kuzaliwa. Secilia, karani wa parokia, alilipata daftari la Tomasi stoo, chini ya viti vibovu. Frednand alilisoma amesimama. Ukurasa wa Februari 1974, kwa mwandiko wa Bruda, ulisema:

*Chesisi imekatika mteremkoni. Imewekwa chesisi ya gari aliloingia nalo Minani, mkimbizi Mrundi, Mei 1972, namba 25406290. Kazi imefanywa na Minani mwenyewe. Kibati cha zamani kimerudishwa mahali pake.*

Namba ilikuwapo, na tarehe, na jina. Ndiyo maandishi Sajenti aliyoyataka, wala hayakupungukiwa kitu. Alisoma mara ya pili, na mara hii jicho lake likakwama kwenye maneno mawili: mkimbizi Mrundi.

Minani alikuwa fundi wa Mabawe, jirani yake, aliyelitengeneza gari hilo miaka yote. Watu walimjua kuwa Mhangaza wa Murusagamba, upande huu wa mpaka, na lugha yake haikuwapa sababu ya kufikiri vingine, maana Kihangaza na Kirundi havipishani sana. Alikuwa ameoa hapo, akazaa watoto wanne. Wote wanne Frednand aliwaandikisha shule, kwa mkono wake mwenyewe: kabila, Mhangaza, uraia, Mtanzania. Hakuwahi kuomba uthibitisho. Alikuwa ameambiwa, akaandika.

Na wiki zile askari walikuwa wakipita vijijini kuwakusanya watu wa ng'ambo waliokaa nje ya kambi, hata waliokaa miaka ishirini. Huko Bugarama mtu mmoja alichukuliwa shambani na jembe lake mkononi. Mkewe, mzaliwa wa hapohapo, alibaki.

"Umepata, Mwalimu?" Secilia aliuliza. "Daftari lenyewe halitoki, lakini ukurasa naweza kukunakilia na kupiga muhuri."

"Bado. Nitarudi."

Alimkuta Minani mbele ya nyumba yake, anaosha nati ndani ya karai la mafuta ya taa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Chesisi ya Tomasi ilitoka wapi?"

Minani aliendelea kuosha nati moja mpaka ikang'aa, akaiweka juu ya gunia.

"Umelisoma daftari."

"Nimelisoma."

"Gari lilikuwa la baba yangu mdogo, Ntirampeba. Mwalimu kama wewe. Tulipanda watu tisa, tukavukia Murusagamba. Alipotushusha alirudi kwa miguu kumfuata mkewe. Alinipa ufunguo, akasema nisimpe mtu mpaka arudi." Alichukua nati nyingine. "Nilingoja karibu miaka miwili. Bodi ililiwa na kutu. Tomasi alipokatika, Bruda akauliza kama ninaweza kuitoa chesisi. Niliona afadhali itembee kuliko ikae."

"Kwa nini namba mpya haikupelekwa kuandikishwa?"

Minani alicheka kidogo. "Hilo nilimwuliza Bruda. Akaniambia, Tomasi alishabarikiwa. Mtu akikatwa mguu akawekewa wa mti, mtamrudisha kanisani mkambatize upya? Akakichukua kibati cha zamani, akakipigilia mwenyewe."

Frednand hakucheka. Mtu aliyeandika kwa uangalifu vile alikuwa ameamini kwamba maji ya baraka yanatosha na serikali haina la kuongeza.

"Sajenti anataka jina la mtu," alisema.

"Mpelekee."

"Ukishaandikwa kule, hufutiki."

"Mwalimu, wajawazito wa Mabawe watapanda nini? Mimi? Mpelekee tu." Lakini hakuinua uso.

Domisiana, mke wa Minani, alikuwa ametokea mlangoni. "Kumpelekea nani nini?"

"Mama Bukuru, nyamaza kwanza," Minani alimwambia.

"Sinyamazi. Nimesikia yote." Alimgeukia Frednand, akapiga goti kidogo kwa heshima, kisha akasimama wima. "Mwalimu, watoto wangu wanne uliwaandika wewe. Sasa utakwenda kuwafuta kwa mkono uleule? Gari ni bati, Mwalimu. Huyu ni mume wangu."

"Nilikuja kuuliza," Frednand alisema. "Nimejibiwa."

Siku ya tisa Melania alirudi kutoka kisimani ndoo ikiwa nusu.

"Jirani yetu Tecla alishikwa uchungu jana. Walimbeba kwa ingobyi, ile machela ya kusukwa, wanaume wanane wakipokezana. Mwenyewe kafika hospitali mzima. Mtoto hakufika."

"Waliondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Wakafika?"

"Saa nane na kitu."

"Kwa Tomasi ni dakika hamsini," alisema Frednand.

"Nani kakuuliza hesabu?" Melania aliitua ndoo kwa kishindo, maji yakamwagika. "Kila mtu hapa anaijua hiyo hesabu. Sema utafanya nini."

Hakujua bado. Siku nne alizunguka na jambo hilo kama alivyokuwa akizunguka na swali la hesabu lililomshinda, akiondoa kwanza visivyobishaniwa. Injini ilikuwa yake, bodi ilikuwa yake, giaboksi, magurudumu na viti vilikuwa vyake. Kilichobishaniwa ni chuma kimoja kirefu.

Siku ya kumi na nne aliingia kituoni mikono mitupu.

"Maandishi?" Sajenti aliuliza.

"Sina."

"Na chesisi hujui ilikotoka?"

Frednand alikuwa amewachapa watoto wengi kwa kusema uongo mdogo kuliko huo. "Sijui."

"Basi naorodhesha gari."

"Orodhesha chesisi. Umesema mwenyewe, injini inalingana na bodi inalingana. Isiyo na karatasi ni chesisi. Ichukue hiyo. Vilivyobaki viko kwenye kadi, naomba nivichukue."

Sajenti alimtazama, akaanza kucheka, kisha akaacha. "Utavibeba mgongoni?"

"Nitaleta fundi na watu."

Sajenti alikwenda kuuliza kwa mkubwa wake. Alirudi akitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa mchezo wa bao. "Anasema haijawahi kutokea, lakini haoni kosa. Una siku mbili."

Frednand alikuwa amemwazia fundi wa mjini. Lakini asubuhi iliyofuata, yeye na wanaume sita wa Mabawe walipokuwa wanaondoka, Minani alikuwa amekwisha kukaa kando ya barabara na mfuko wake wa spana.

"Rudi nyumbani," Frednand alimwambia.

"Nani mwingine anazijua bolti za Tomasi? Huyo wa mjini atazikata kwa msumeno, halafu mtabaki na vyuma chakavu."

Walifanya kazi kuanzia saa tatu. Wakaondoa bonneti, wakanyanyua bodi, wakatoa injini kwa winchi ya kuazima, na Sajenti, aliyeletewa kiti, akahesabu kila kipande dhidi ya kadi. Alasiri ilibaki ekseli ya nyuma. Minani alilala ubavu, akapitisha mkono nyuma ya boriti ya chuma mahali jicho lisipofika, na spana ikashika mara ya kwanza.

"Fundi," Sajenti alisema. "Hiyo nati umeijuaje? Haionekani."

"Land Rover zote ni moja, afande."

"Si zote. Hiyo imeongezwa kwa kuchomelea. Alama ya kuchomelea ninaiona kwa upande huu." Alisimama. "Jina lako nani?"

"Minani."

"Minani wa wapi?"

Mtu mmoja wa Mabawe alikohoa. Minani alikuwa bado chini, spana mkononi.

"Wa Murusagamba," Frednand alijibu. "Watoto wake nimewasomesha mimi. Wamo kwenye rejista ya shule."

"Rejista yako."

"Kwa mwandiko wangu."

Sajenti aliwatazama wote wawili kwa zamu, akarudi kwenye kiti. Kazi ikaisha. Chesisi ikabaki peke yake juu ya mawe manne, na ile namba iliyosuguliwa iling'aa mbele kulia. Minani alipangusa grisi kwenye boriti kwa kitambaa, kutoka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa na haja. Kisha akafunga mfuko wake.

Mezani Sajenti aliandika: chesisi moja, mwenyewe hajulikani. Kabla ya kumpa Frednand kalamu alisema, kwa sauti ya chini:

"Baba yangu alikuwa dereva wa misheni, kule kwetu Bukoba. Kila gari lilikuwa na daftari lake. Ulilitafuta la hili?"

"Nililitafuta."

"Ukalikosa?"

Dirishani Minani alionekana akiwasaidia wenzake kupakia injini kwenye lori la mahindi lililokuwa linarudi tupu.

"Nililikosa."

"Basi andika hapa chini, kwa mwandiko wako huo mzuri: daftari halikupatikana. Utie sahihi na tarehe." Aliongeza, akiangalia karatasi na si mtu: "Mimi sitakwenda kulitafuta. Sijui atakayekuja baada yangu. Nahamishwa Desemba."

Frednand aliandika. Herufi zake zilikuwa zilezile, zimesimama sawasawa juu ya mstari.

Jioni waliishusha bodi ya Tomasi uani, juu ya magogo ya mkaratusi, na injini wakaifunika kwa turubai. Melania alizunguka mara moja.

"Litatembea lini?"

"Likipata chesisi yenye karatasi."

"Na hiyo inapatikana wapi?"

"Sijui," alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

Jumapili alilirudia jambo hilo kichwani. Alikuwa ametia sahihi kwamba daftari halikupatikana, na daftari lilikuwa stoo ya parokia, chini ya viti vibovu, na ukurasa wa Februari 1974 ndani yake. Maandishi mawili juu ya jambo moja, na hayalingani. Katika kazi yake yote alikuwa na kanuni moja kwa hali kama hiyo: huachi yote mawili yasimame.

Jumatatu asubuhi alivaa viatu, akatia kiwembe cha kuchongea penseli mfukoni, akaenda parokiani.