Joho la Kola Iliyosimama

Kariakoo ina watu wa kila namna, lakini anayejulikana kuliko wote hajawahi kulikanyaga soko lile hata siku moja. Si tajiri wa maduka, si mwanasiasa, wala si mchezaji wa mpira. Ni yule bwana mnyonya damu wa kwenye sinema, mwenye uso mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga wa muhogo, nywele zimelazwa kwa mafuta, meno mawili marefu, na joho jeusi lenye kola iliyosimama mpaka masikioni. Muulize mbeba mizigo, muulize muuza maji, muulize mtoto wa chekechea. Wengi hawajui katoka nchi gani wala nani alimtunga, ila joho lake wanalijua. Lipo kwenye mabegi ya shule, lipo kwenye karatasi za pipi, lipo kwenye katuni. Kwenye vibanda vya video ndiyo usiseme, huko alikwisha kutafsiriwa zamani, anaongea Kiswahili cha mtaani kuliko mimi na wewe.

Mtu mmoja tu alikuwa hamjui. Na Mungu naye ana utani wake, maana huyo mmoja ndiye aliyeagiza majoho ishirini na manne.

Jina lake Mama Severa, Mchaga wa Marangu, mwenye duka la vitambaa hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Televisheni kwake ilikuwa ya ibada na taarifa ya habari, basi. Sinema aliiona kazi ya watu waliokosa kazi. Pale dukani ungeweza kumdanganya kila kitu isipokuwa kitambaa. Angekishika kwa vidole viwili tu akakwambia kimetoka kiwanda gani na kitachuja baada ya kufuliwa mara ngapi.

Lakini moyo wake haukuwa dukani, ulikuwa kanisani, kwenye Kwaya Kuu, alikokuwa mwenyekiti kwa miaka kumi na tisa. Mumewe alipofariki, kwaya ile ilipanda basi zima mpaka Marangu, ikaimba tangu maiti ilipotolewa ndani mpaka udongo wa mwisho, mvua inawanyeshea na hakuna aliyekimbilia mwavuli. Tangu siku hiyo Mama Severa hakuiita kwaya. Aliiita ndugu zangu. Sasa ndugu wenyewe walikuwa wanapungua. Walikuwa sitini, wamebaki ishirini na wanne, na mdogo wao ana miaka hamsini na mmoja na magoti mabovu. Vijana wote walikuwa kwa Josepha, mwalimu wa shule ya Jumapili, aliyeanzisha timu ya sifa yenye kinanda, ngoma na taa za rangi. Wazee wa baraza wakatoa uamuzi wao, tena kwa upole, jambo lililomuuma zaidi: kama mpaka Jumapili ya mavuno Kwaya Kuu haijapata mwanachama mpya hata mmoja, itavunjwa na kuunganishwa na timu ya Josepha.

Mama Severa alilia siku moja. Siku ya pili alifuta machozi, akawaza kama mfanyabiashara. Duka likikosa wateja unabadilisha nini? Unabadilisha kilichotundikwa mlangoni. Basi kwaya ipate sare mpya, sare ambayo haijawahi kuvaliwa katika dayosisi nzima. Akapekua-pekua kwenye simu, picha za nguo za China zinapita, mpaka akaona joho jeusi la kung'aa, ndani jekundu kama damu ya mzee, na kola iliyosimama kwa heshima. Picha ilikuwa imekatwa shingoni, haina kichwa. Laiti ingekuwa na kichwa, nisingekuwa na cha kusimulia. Akaituma kwa mpwa wake Elibariki, anayenunulia watu mizigo kule Guangzhou, akamwambia anataka hilohilo, asimbadilishie hata kifungo.

Elibariki aliiona ile picha, akacheka, kisha akaenda kuagiza. Shangazi yake alikuwa kwenye biashara kabla yeye hajaota meno. Akitaka majoho ya mnyonya damu bila shaka ana mteja wake, pengine hoteli ina tamasha. Kariakoo ndivyo tulivyo: mkubwa akituma picha, unaleta kilicho kwenye picha. Na Mama Severa kwa kujiamini kwake alikwisha kuzitoa sare za zamani zote, zikapelekwa kwa basi kwa kwaya ya kijijini kwao.

Mzigo ukafika Ijumaa, siku mbili kabla ya mavuno. Ulikuja na boksi dogo la pembeni, limejaa vipakiti vyeusi vilivyofungwa gundi, kimoja kwa kila joho na vingine vingi vya ziada. Mama Severa akajua ni zile zawadi za Mchina, pipi au vifungo vya akiba. Hakufungua hata kimoja. Akatuma boksi zima kwa Josepha, kwamba awagawie watoto wa shule ya Jumapili siku ya mavuno wakishasoma mistari yao. Alitaka Josepha ajue kwamba hana kinyongo. Kinyongo alikuwa nacho, tena cha kutosha, ila hakutaka kijulikane.

Halafu akavaa joho moja, akasimama mlangoni mwa duka lake.

Jamani, saa nne ya asubuhi, jua linawaka, Kariakoo imefurika. Mkokoteni ulisimama katikati ya njia. Mbeba mizigo mmoja akaufunika uso wake kwa mkono, akachungulia juu ya kiwiko kama yule bwana anavyofanya, wenzake wakaangua kicheko. Mtoto mmoja aliyeshikwa mkono na mama yake akapiga yowe, kisha akaomba arudishwe aone tena. Ng'ambo ya barabara, Sabaha muuza madera alijiziba mdomo kwa mtandio mabega yakimtikisika. Mama Severa akawapungia wote. Alihesabu ni watu wangapi wamegeuka, akaona ndiyo yaleyale aliyoyaomba kwa Mungu. Akageuka kushoto, akageuka kulia, joho likapaa.

Barazani kwake alikaa Pius, fundi cherehani kutoka Newala, mtu wa maneno machache. Mama Severa akamuuliza analionaje. Pius akalitazama joho, akamtazama mama, akasema limeshonwa vizuri. Hakusema uongo.

Jumamosi asubuhi mjukuu wake Nice, msichana wa chuo, alipita kumsalimia. Bibi huyo amembembeleza miaka mitatu ajiunge na kwaya, na miaka mitatu msichana ana mitihani. Akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akaliona joho kwenye kiango na majoho mengine ishirini na matatu yamekunjwa juu ya kaunta. Akauliza ni ya nani. Alipoambiwa ni ya Kwaya Kuu, kesho, mbele ya mgeni rasmi, alikaa chini kwenye jora la kitambaa.

"Bibi," alisema, "hili ni vazi la mnyonya damu."

Akatoa simu, akamwonyesha. Mama Severa alitazama dakika tatu nzima bila kupepesa. Akamwona yule bwana akitoka kwenye jeneza, akajifunika joho, akainama kwenye shingo ya mtoto wa watu. Lilikuwa joho lilelile, hata kola. Mama Severa alikulia kwenye hofu ya mumiani, yule tuliyeambiwa anakamata watu akawatoa damu, lakini mumiani wa utotoni mwake alivaa shati na suruali kama karani, ndiyo maana alitisha. Huyu wa kwenye simu amejipamba kama anaenda harusini. Hata hivyo hasira yake haikumpata huyo bwana. Ilimpata Pius.

"Ulijua," alimwambia.

"Nilijua, mama. Mtaa mzima ulijua. Mtu mzima utamwambiaje? Nikadhani na wewe unajua."

Jibu hilo lilimkalisha. Miaka yote amejisifu kwamba Kariakoo nzima inamheshimu, kumbe heshima yenyewe ndiyo iliyomwacha asimame mlangoni jana, anapunga mkono. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kesho saa nne kwaya itasimama mbele ya usharika mzima, sare za zamani ziko Marangu, na wazee wa baraza wana kalamu mkononi. Nice alishauri wavae nguo za kawaida tu. Mama Severa akakataa, akasema kwaya yake haitakwenda kuzikwa na nguo za nyumbani.

Pius ndiye aliyepata dawa, pengine kwa ajili ya kujitakasa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema, akalichukua joho moja na kuligeuza ndani nje. Likawa joho jekundu, safi kabisa. Kola akailaza, akaipigia bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, maana ya kudumu muda hautoshi. Wakafanya kazi hiyo mchana kutwa, Pius, Nice na Mama Severa mwenyewe mwenye miwani miwili, na jioni majoho ishirini na manne mekundu yalitundikwa dukani kama nguo za maaskofu. Mama Severa akashukuru Mungu kwamba mambo yamekwisha.

Yalikuwa hayajaisha. Lile boksi, mnalikumbuka? Yeye hakulikumbuka.

Jumapili kanisa lilijaa ndizi, mahindi, kuku wa kufungwa miguu na mbuzi mmoja aliyekuwa akichangia mahubiri. Kwaya Kuu iliingia na majoho yake mekundu, watu wakageuza shingo kwa mshangao mzuri. Josepha mwenyewe akanyoosha dole gumba. Watoto wa shule ya Jumapili wakasoma mistari yao, wakagawiwa vipakiti vyao, wakakaa chini mstari wa mbele, uso kwa uso na kwaya.

Mama Severa akainua mkono kuanzisha wimbo. Akawatazama wale malaika wadogo wa Mungu, nao wakamtazama, wakatabasamu. Watoto arobaini, kila mmoja na meno mawili meupe ya plastiki yanayoshuka mpaka kidevuni.

Mkono ulibaki hewani. Nyuma yake akasikia mzee mmoja wa sauti ya besi akijikaza, kisha akikohoa, kisha akishindwa. Kicheko kikatambaa mstari hadi mstari. Watu wa nyuma wakasimama waone kulikoni. Josepha aliweka mikono kichwani, na wazee wa baraza wakaanza kunong'onezana. Ndipo mtoto mmoja, yuleyule aliyepiga yowe Ijumaa mlangoni mwa duka, akatoa meno yake mdomoni ili asikike vizuri.

"Bibi, lile joho lako jeusi liko wapi?"

Mama Severa angeweza kujifanya hakusikia. Angeweza kumgeuzia kibao Josepha, maana ndiye aliyegawa. Lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Akaenda kwenye kipaza sauti, akasema yote: picha isiyo na kichwa, Guangzhou, boksi, mlangoni, Pius na bandi zake. Alisema ameifanya kwaya iliyomzikia mume kuwa kichekesho, na kama ni kuvunjwa wavunje, ila kosa ni lake peke yake. Kisha akamwambia yule mtoto, "Hili hapa," akalivua joho, akaligeuza, akang'ata uzi wa bandi kwa meno yake mwenyewe. Akalivaa jeusi nje, akaisimamisha kola mpaka masikioni.

Watoto walipiga kelele ambazo kanisa lile halijapata kusikia hata siku ya Krismasi. Mzee wa besi akageuza lake. Wakageuza wote ishirini na wanne, bandi zikikatika moja moja, magoti mabovu na yote. Na Mama Severa, kwa vile mkono ulikuwa bado juu kwenye kola, akaanzisha wimbo.

Waliimba kama walivyoimba Marangu kwenye mvua. Hapakuwa na kinanda wala taa. Walipofika kwenye kiitikio wakafungua mikono na ule wekundu wa ndani ukatokea wote kwa mara moja, na timu ya Josepha, vijana wale waliokuwa wanatoka nje kila Kwaya Kuu ikisimama, wakatoa simu zao na kusogea mbele. Mgeni rasmi alikuwa akifuta macho, na hakuna aliyejua ni kwa kilio au kicheko. Mchungaji aliposimama alisema mavuno ni mavuno, akaendelea na ibada.

Baada ya ibada Mama Severa alikaa kwenye ngazi za kanisa kutuliza miguu. Kivuli kikamwangukia. Vijana tisa walikuwa wamesimama mbele yake, wanataka kuandikishwa Kwaya Kuu, na aliyewatangulia alikuwa Nice. Mitihani ilikuwa imekwisha ghafla. Walikuwa na sharti moja, kwamba majoho yavaliwe vile vile, meusi nje na kola juu.

Mama Severa alifungua pochi, akatafuta kalamu, akaipata. Akamuuliza mjukuu wake jambo lililokuwa likimkera tangu jana: yule bwana wa kwenye simu, mwisho wake huwa nini? Nice akamweleza kwamba wanamchoma kijiti moyoni, wanamfukia, wanamwachia jua limuunguze, na kila mwaka anaibuka tena kwenye sinema nyingine.

"Kumbe hafi?"

"Hafi, bibi. Wameshamzika mara mia."

"Basi huyo ni mwenzetu," alisema Mama Severa, akaandika jina la kwanza.