Miaka Mitano Niliyojipunguzia

"Basi chukua hela zote leo, mama, tukaokoe hilo jicho!" binti yangu alisema, na watu wote kwenye mabenchi ya ofisi ya pensheni wakageuka.

"Punguza sauti. Naumwa macho, siumwi masikio."

"Nitapunguzaje? Tangu asubuhi naongea na ukuta."

"Ukuta huu ndio uliokuzaa. Kaa chini."

Hakukaa. Afisa wa dirisha la tatu, kijana mpole, alitungoja tumalize kama mtu anayengoja mvua ikatike. Mbele yake kulikuwa na fomu mbili. Kwa jicho la kulia niliona weupe wake tu. La kushoto lilishakwenda mwaka jana.

Nimefundisha ushonaji chuo cha ufundi miaka thelathini na mmoja. Mwezi uliopita mkuu wa chuo aliniita, akaniwekea mkononi gauni la mwanafunzi nililolikagua na kulipitisha. Mkono mmoja ulikuwa umeshonwa nje ndani. Hakunigombeza. Alinipa barua ya kuachishwa kazi na soda. Soda niliinywa, maana ilishafunguliwa.

"Mama, nieleze mara ya mwisho," afisa alisema. "Fomu ya kwanza, unachukua michango yako yote leo, kwa mkupuo. Ukishachukua, huna tena pensheni, leo wala kesho. Fomu ya pili, hela inabaki humu mpaka utimize miaka hamsini na mitano. Kuanzia hapo unalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako."

"Na kwenye kompyuta yako nina mingapi?"

"Hamsini na mitatu."

Binti yangu alicheka kicheko kikavu. "Mwambie ukweli."

"Kijana, nina hamsini na minane."

Chuo nilichosomea hakikuwa kikichukua mtu aliyezidi miaka ishirini. Mimi nilikuwa na ishirini na minne, kwa sababu mama alifariki mapema nikabaki nyumbani kulea wadogo zangu. Nikaenda kwa wakili nikaapa kwamba nilizaliwa miaka mitano baadaye. Nusu ya darasa letu walifanya hivyo hivyo. Tulikuwa tukitaniana, tukiitana vichanga. Stashahada nikaipata, kazi nikaipata. Haikunipitia akilini kwamba siku moja nitaitaka ile miaka irudi.

Afisa hakushangaa hata kidogo. "Mko wengi, mama. Lakini inayohesabika ni tarehe uliyojiandikisha nayo mara ya kwanza. Hata ukileta kiapo kingine."

"Nikimleta mkunga aliyenizalisha?"

"Yuko hai?"

"Wapi!"

"Basi, mama yangu."

Binti yangu aliinama sikioni mwangu. "Presha ya macho haingoji miaka miwili. Daktari amekupangia upasuaji wiki ijayo. Mama, wiki ijayo!"

"Alisema nini kingine? Sema yote, hapa hapa."

"Kilichopotea hakirudi. Anaweza kuzuia kilichobaki."

"Anaweza, au atazuia?"

"Anaweza. Nusu kwa nusu."

"Kwa hela zangu zote."

"Na za kwangu kidogo."

"Za kwako zipi? Za ada ya wajukuu zangu?"

Nilimtazama, yaani niliutazama upande ule uliokuwa na pumzi zake.

"Sikiliza," nikamwambia. "Upasuaji ukishindikana, nitakuwa kipofu asiye na kitu, nimekaa sebuleni kwako namwomba mumeo hela ya sabuni."

"Mume wangu hana neno."

"Leo hana. Mwaka wa kumi je? Kipofu mwenye chake kila mwezi ni mama. Asiye nacho ni mzigo, hata mkinipenda vipi."

"Na upasuaji ukifaulu?"

Hilo liliniuma, kwa sababu nililiwaza usiku na mchana. "Ukifaulu, nitaona vizuri jinsi nilivyofilisika."

"Usifanye mzaha, mama! Hutawaona watoto wangu wakikua. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria."

Akaanza kulia, kilio cha kujizuia, kile cha puani. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamwacha alie. Hiyo miaka miwili nitapangisha vyumba vyote viwili vya mbele vya nyumba yangu, nihamie stoo. Nimeshaipima kwa mikono, kitanda kinaingia.

"Nipigie hospitali," nikamwambia.

"Sipigi."

Nikampa afisa simu anitafutie namba. Alitafuta, akanirudishia inaita. Nikamwambia nesi aliyepokea kwamba nafasi yangu ya wiki ijayo ampe mtu mwingine. Akauliza nimeahirisha mpaka lini. Nikamwambia sijaahirisha.

Nilisikia viatu vya binti yangu vikielekea mlangoni, haraka haraka, kisha mlango.

"Tumsubiri, mama?" afisa aliuliza.

"Hapana. Nipe fomu ya pili, uniwekee kidole mahali pa saini."

Alikishika kidole changu cha shahada akakilaza juu ya mstari. Nikaandika jina langu lote, herufi moja moja, kalamu ikifuata ukucha. Akaivuta ile karatasi, akagonga muhuri.