Buti za Lindo la Saba

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi Evarista alifika kwenye geti la ghala la alizeti, Kizota, akakuta buti bado zina mtu. Ndivyo ilivyo lindo la saba. Mzee Gaudence anakesha nazo, asubuhi anakaa kwenye benchi anazivua, anavaa kandambili zake, na mlinzi wa mchana anazivaa zikiwa na joto la miguu ya mwenzake. Kampuni ya ulinzi ilishasema: buti ni mali ya lindo, si mali ya mlinzi. Lindo ni moja, basi buti ni jozi moja. Hesabu hiyo ilipigwa na watu wanaovaa moka, wala usiulize zaidi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu! Likizo imekukubali, umenawiri. Huko kwenu Haneti wamevuna?"

"Wamevuna uwele kidogo, tunamshukuru Mungu."

Mzee akainama kuvua. Buti la kwanza likatoka, na harufu ikatoka nalo. Akairudisha miguu haraka chini ya benchi, lakini Evarista alishaona. Kati ya vidole ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, imechanika. Aliijua ngozi ile. Mwezi mmoja nyuma ilikuwa yake.

Tena ilimtesa! Mwaka mzima alizunguka ghala akichechemea, akifika nyuma ya magunia anavua buti ajikune mpaka machozi yamtoke. Ruthu wa lindo la nne, kwa nia njema kabisa, akampa krimu ya mchanganyiko aliyoinunua kwenye meza ya vipodozi sokoni, ile inayosifiwa kutibu kila kitu kuanzia chunusi. Siku mbili tu, muwasho kimya. Wiki ya pili fangasi wakarudi, wakapita kifundoni, wakaanza kupanda ugoko bila haya wala soni.

Ndipo akaenda kwa Nasma, mwenye duka la dawa karibu na anapoishi, Chang'ombe. Nasma aliinusa ile krimu, akasoma maandishi, akasonya.

"Hii inanyamazisha, haiui. Ina dawa ya kutuliza ngozi, basi wewe unaona nafuu na fangasi wanakula kwa raha zao. Iache." Akampa tyubu ya klotrimazo, ya fangasi tupu. "Osha miguu, kausha mpaka katikati ya vidole. Paka kidogo, asubuhi na jioni, uvuke kidogo pale ugonjwa unapoishia. Nawa mikono. Ngozi ikipona usiache, endelea wiki mbili nyingine. Ikikuunguza, acha uje. Na wiki nne zikiisha hujapona, nenda zahanati, usinifanye mimi daktari."

"Na viatu?"

"Vikavu, vyako mwenyewe. Dada yangu, hakuna dawa inayoweza kushindana na buti la watu wawili."

Likizo yake ilikuwa siku ishirini na nane, na hakuruka hata moja. Mama yake alicheka kumwona kila jioni amekaa mlangoni, anakausha vidole kimoja kimoja kama anayepangusa vikombe vya wageni. Wiki ya pili ngozi ilifunga. Akaendelea. Jana, akirudi mjini, aliitazama miguu yake akacheka peke yake. Ilikuwa mizuri! Hata kovu hakuna.

Sasa buti hizi hapa, zinafuka.

"Baba, mimi leo sizivai," akasema. Chini alikuwa na raba nyeusi za mtumba, alizozifua na kuzianika, na soksi safi za pamba. "Nisamehe. Si dharau."

Mzee akaitoa miguu yake chini ya benchi, akaiweka juani, aibu na yote. "Miaka minne, mwanangu. Nilijua ni uzee." Akamtazama. "Hiyo dawa yako, nigawie kidogo basi."

"Hapana, baba. Buti tumechangia, tumeona matokeo. Tyubu tusichangie. Pita kwa Nasma ukanunue yako, mwambie umetumwa na mimi."

"Mtoto mchoyo huyu!" mzee akacheka, akaenda zake akivuta kandambili.

Evarista akazichukua buti, akazipanga juu ya ukuta, midomo wazi, zielekee jua. Saa mbili akafika Kuluthumu, karani wa ghala, akazitazama.

"Za nani hizo?"

"Za lindo, dada."

"Na zako ziko wapi?"

"Ndizo hizo hizo. Na za mzee wa usiku ndizo hizo."

Kuluthumu akakunja uso, akaingia ofisini, droo ya mafaili ikasikika ikifunguliwa.

Saa nne kasoro pikipiki ya Seth, msimamizi wa walinzi, ikafika na vumbi lake. Hakusalimia. Alimtazama kuanzia chini.

"Nini hicho miguuni?"

"Raba, afande. Safi, nyeusi."

"Sare ni buti. Vaa buti, au vua na hiyo shati, ukapumzike nyumbani. Watu wa kuvaa buti wako wengi, wanapanga foleni pale ofisini."

Kazi hii ndiyo inayolipa chumba chake, ndiyo inayomnunulia mama yake unga. Alitazama buti, akaiona miguu yake ya mwaka jana ndani yake. Hapana jamani. Maji ukishayavulia nguo, sharti uyaoge.

Saa nne kamili redio ya mkononi ikakoroma. Kila lindo hutoa taarifa saa hiyo, na malindo yote yanasikia. "Lindo la saba, hali?"

Evarista akabonyeza, Seth akimkodolea macho.

"Lindo la saba. Mlinzi yupo, ghala salama. Buti ziko juani. Miguu yangu nimeitibu siku ishirini na nane, imepona, na sitaiuguza tena kwa buti za watu wawili. Ova."

Seth akanyoosha mkono ampokonye redio, na redio ikaita mkononi mwa Evarista.

"Lindo la nne." Ilikuwa sauti ya Ruthu, inatetemeka. "Mlinzi yupo. Buti nazianika juani sasa hivi. Ova."

"Lindo la tisa, buti juani."

"La pili hapa, na mimi nawashwa, jamani! Juani!"

Wakaitikiana mji mzima. Seth akasema, "Zima hiyo kitu," lakini hakukuwa na wa kuzima malindo kumi na manne. Mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Kuluthumu na faili kifuani.

"Kaka Seth, mkataba huu hapa. Kila mlinzi jozi yake. Kampuni yenu tunailipa jozi mbili hapa getini tangu mwaka juzi. Hiyo nyingine ipo wapi?"

Seth akaangalia ukuta, buti zikamwangalia. Mwishowe akatoa kalamu mfukoni na kadaftari, akauliza kwa sauti ndogo:

"Unavaa namba ngapi?"

Miaka mitatu kazini, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Thelathini na nane," akasema Evarista, machozi yakimlenga. Kisha akabonyeza redio. "Malindo yote, tajeni namba za viatu. Taratibu, afande anaandika."

Zikaja namba, moja baada ya nyingine, zingine na vicheko. Jasho lilimtoka Seth kuzifuata.

"Na mzee wa usiku?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Arobaini na tatu. Lakini njoo jioni umwulize mwenyewe," akasema Evarista. "Na uanze na shikamoo."